Tuwaachie Watoto Uwanja Wao

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

Nimeambiwa niseme juu ya michezo ya watoto wa nasari, na nimeona wengine wakitabasamu, kana kwamba mambo ya maana ni mikopo na kuku, watoto ni wa kumalizia tu kabla ya chai. Basi nitaanza na pesa, ili tuelewane.

Majuma machache yaliyopita niliitwa na kikundi kimoja cha upande huu wetu. Sitakitaja, na wenyewe wakiwa hapa wasiinue mkono. Kikundi hicho kina nasari yake: chumba cha mabati na uwanja mbele yake, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Uwanja unatazama barabara. Sasa amekuja mtu na hesabu zake, akawaambia: hapa mbele mkijenga vibanda 4 vya biashara, kila mwezi mtapokea kodi bila jasho. Kwa kikundi ambacho kimeshindwa kumlipa mwalimu kwa miezi 2, hayo si maneno ya kupuuza. Wakaniita niwape shauri. Nikauliza, na watoto watachezea wapi? Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Binti yangu, watoto walikuja hapa kusoma. Kucheza watacheza nyumbani."

Nyumbani wapi? Nyinyi wa Ruiru mnajua. Pale palipokuwa na kahawa mpaka macho yachoke, leo ni maghorofa ya kupangisha, ngazi, kamba za nguo na lango la chuma. Mtoto wa miaka 4 anashinda chumbani na televisheni kwa sababu mama anaogopa magari na pikipiki, na ana haki kuogopa. Kule Thika, nenda Kiandutu uone nyumba zilivyobanana. Mtoto akitoka mlangoni anakanyaga mtaro wa maji machafu. Kwa watoto wengi uwanja wa nasari ndio mahali pa pekee wanapoweza kukimbia hatua 20 bila mtu mzima kupiga kelele. Ukiuweka vibanda, hujaondoa anasa. Umeondoa nusu ya shule.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini nasema nusu ya shule.

Siku moja nilikaa kwenye jiwe katika nasari fulani nikamtazama msichana mdogo, labda miaka 4 na nusu. Alikuwa na mikebe 2, mmoja mrefu mwembamba na mwingine mfupi mnene, na ndoo ya maji. Alijaza ule mrefu, akamimina kwenye mfupi. Maji hayakujaa. Akashangaa. Akarudia. Akaongeza kidogo, yakamwagika. Akamwita mwenzake, "Kuja uone, huyu mnene anakunywa mingi!" Wakabishana. Wakajaribu tena, safari hii wakihesabu vikombe. Nilikaa pale karibu nusu saa na hakuna mtu aliyewafundisha kitu. Sasa niambieni, yule mtoto alikuwa anacheza au alikuwa anasoma? Mtoto aliyejua kwa mikono yake kwamba kirefu si lazima kiwe kikubwa, siku mwalimu atakapomwandikia lita na nusu lita ubaoni, atakuwa na kitu cha kukumbuka. Yule asiyewahi kushika maji atakariri tu.

Tazameni tena kalongolongo. Sisi wakubwa tunacheka tukiona mmoja ni mama, mmoja ni baba, mwingine analia eti ni mtoto mgonjwa, na ugali ni matope. Lakini sikilizeni maneno. Watoto hawa ambao darasani hujibu "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu", katika kalongolongo wanabembeleza, wanadai deni, wanapiga bei, wanaomba msamaha. Lugha yote ya nyumbani inatoka. Mimi kama mtumishi wa jamii nakiri kwamba nimejua shida za nyumba fulani kwa kusikiliza kalongolongo kuliko kwa kujaza fomu. Mtoto anayecheza "baba amerudi, jificheni" anatuambia jambo.

Na michezo mingine yetu: bano, blada, kati, tapo, brikicho. Katika bano kuna kupima umbali kwa jicho na kuhesabu uliyoshinda na uliyopoteza. Katika brikicho kuna kuhesabu mpaka 10 bila kuruka, maana wenzako watakushtaki. Wazee wetu walikuwa na giuthi, mashimo kwenye udongo na kokoto za kugawanya moja moja. Hiyo ni hesabu tupu, kujumlisha na kutoa na kufikiri hatua 3 mbele. Ni mchezo wa watu wazima, lakini mtoto wa miaka 5 anaweza kuanza na mashimo machache. Shosho au guka yeyote anayeujua aende nasari siku moja kwa juma akae nao chini ya mti. Hilo halihitaji bajeti.

Najua mzazi atasema, mimi nimelipa karo ili mtoto aandike. Nataka kuona kitabu kimejaa. Siwalaumu. Wengi wetu tulikua wakati wa mahojiano ya kuingia darasa la kwanza, mtoto wa miaka 6 anasimamishwa mbele ya meza kama anaomba kazi. Hofu ile haijatutoka. Na mimi mwenyewe nimekosea katika jambo hili, afadhali niseme. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa na diploma yangu mpya na kujiona najua, nilitembelea nasari moja nikakuta watoto 40 wamekaa kimya, kila mmoja na penseli, uwanja wote umelimwa sukuma wiki. Nikaandika katika ripoti kwamba nidhamu ni nzuri sana na matumizi ya ardhi ni ya kupigiwa mfano. Kupigiwa mfano! Nilirudi baada ya mwaka. Wale watoto walikuwa wanajua kunakili A mpaka Z, lakini nilipowaomba wachore mtu, wengi walinitazama tu. Na mwalimu akalalamika kwamba vidole vyao havina nguvu, penseli inaanguka. Vidole vitapata wapi nguvu kama havijawahi kufinyanga udongo, kukamua kitambaa, kufunga fundo, kupanda mti?

Mkono ni kama mche. Kwanza bega, kwa kubembea na kuning'inia, halafu kiganja, kwa kufinyanga na kuchota, mwisho vidole. Ndiyo maana Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini kule Roma tarehe 6 Januari 1907, hakuanza na penseli. Alikata herufi kwa msasa, mtoto akazifuata kwa kidole mpaka mkono ukazijua. Sisi hatuna haja ya kununua msasa. Tuna udongo. Lainisha ardhi kwa maji kidogo, mwache aandike kwa kidole, kwa kijiti, afute kwa mguu, aanze tena. Hakuna karatasi ya bei nafuu kuliko hiyo, na kosa lake halibaki na alama nyekundu. Na kule Deptford, London, mwaka 1914, dada wawili wa ukoo wa McMillan walifungua nasari ya nje, kwenye bustani, kwa sababu watoto wa maskini wa mitaa ile walikuwa wagonjwa kwa kukosa hewa na jua. Sisi jua na hewa tulipewa, halafu tunawajengea ukuta.

Wala msifikiri haya ni ya wazungu. Mimi ni mtoto wa kambi ya kahawa. Mama akichuma, sisi tulibaki na shosho mmoja chini ya mti wa mubariti, na shule yetu ilikuwa udongo mwekundu na majani. Nasari za nchi hii zimetoka katika shida za akina mama. Wakati wa Hali ya Hatari, vijiji vya lazima vilipoanza mwaka 1954, mama zetu walipelekwa kufanya kazi za kulazimishwa na watoto wakaachiwa wakongwe. Baada ya Uhuru mwaka 1963 zikaja nasari za harambee, watu wakitoa ploti, mabati na mikono. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ikaanza mradi wa kuwaendeleza walimu wa nasari. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa, NACECE, kisha vile vya wilaya, DICECE. Mwalimu wa zamani aliyepitia DICECE muulizeni: alifundishwa kutengeneza vitu vya kuchezea kwa vitu vilivyo karibu naye. Katiba ya 2010 ikaiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini unataka mtoto wa chekechea ajifunze kwa shughuli na kwa kucheza. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema mtoto ana haki ya kucheza, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake ikasema tena. Kwa hiyo mzazi akija kulalamika, mwalimu ana pa kusimama.

Haya, sasa tufanye nini? Nitasema yale niliyoona yakifanya kazi kwetu, na gharama yake ni ndogo.

Mchanga kwanza. Chimba shimo la kina cha goti la mtu mzima, upana wa kutosha watoto 8, zungushia magogo au mawe, weka mchanga wa mto. Nasisitiza wa mto. Kwetu machimbo ya mawe ni mengi na vumbi lake linapatikana bure, mtu atawaletea lori mzima kwa moyo mzuri. Mkatalieni. Lile vumbi likiingia kifuani si dawa. Kila jioni funikeni mchanga kwa magunia yaliyoshonwa pamoja, kwa sababu paka hupenda kwenda kujisaidia pale usiku na uchafu wao una magonjwa. Mama mmoja awe na zamu ya kufunika, jina lake liandikwe, la sivyo kila mtu atafikiri ni mwenzake.

Magurudumu yaliyoisha yaombeni kwa fundi wa pancha. Yazikwe nusu, yawe ya kurukia na kutambalia. Yale yanayolala toboeni chini, maji yasituame yakazaa mbu. Pitisheni mkono ndani kwanza; likiwa na waya umejitokeza, lirudishwe.

Bembea: kamba nene ya katani na ubao, kwenye tawi la mti mzima, lisilokauka. Kabla mtoto hajapanda, akina baba wawili wakalie. Mkiona wazee wenu wawili wakibembea nyinyi mtacheka, lakini tawi likivunjika afadhali livunjike siku hiyo. Chini yake muweke mchanga au majani makavu, si mawe.

Maji: ndoo, mikebe, jerikeni zilizokatwa kuwa mabakuli na faneli. Makali ya mikebe yapigwe nyundo mpaka yalale. Hapa nasema kwa sauti, na walio karibu na mashamba ya kahawa na ya mananasi wanisikie: jerikeni iliyowahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea haiingii nasari hata ikioshwa mara 10. Wala chupa yake, wala kifuniko chake. Msiulize kama inanuka au hainuki.

Duka la watoto lijengwe kwa masanduku: pakiti tupu za unga na majani chai, mizani ya kijiti na vifuniko viwili. Mipira, zamani tulitengeneza juala kwa mifuko ya nailoni. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017 ni vigumu kuipata, na si hasara. Vitambaa vya mitumba vikisokotwa na kamba ya katani vinatoa mpira mzuri, tena mkubwa, ambao mtoto mdogo anaweza kuudaka. Na kila mtoto apande maharagwe yake kwenye mkebe wenye tundu chini. Baada ya siku chache yanachomoza. Kuna mtoto aliyekuja asubuhi akakuta lake limechomoza, akaenda kumwita mwalimu, mpishi na mwenye pikipiki aliyekuwa barabarani. Mwenye pikipiki alikuja.

Lakini wale wa chini ya miaka 3 msiwape maharagwe, wala bano, wala visoda. Wanaweka puani, na safari ya kwenda hospitali ni ghali.

Hatari nyingine ni za kutembea tukiziangalia. Ua wa kayaba ni mzuri kwa wezi lakini miiba yake hutoboa macho. Pogoeni upande wa watoto. Ule mbarika, tunaouita mwariki, mbegu zake zinavutia kama shanga na zina sumu, ng'oeni. Choo kiwe na mfuniko. Kuhusu funza, maana najua mnafikiria udongo na funza: udongo mkavu wa vumbi ndio unaowapenda. Nyunyizeni maji kabla ya watoto kufika, wavae viatu, na mwalimu akague miguu Jumatatu bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Kunawa mikono kabla ya uji ni sheria. Jerikeni ndogo ikining'inizwa, kamba ikikanyagwa kwa mguu, maji yanatoka kidogo kidogo na watoto wanaona ni mchezo, kwa hiyo wananawa mara 5 badala ya moja.

Kuna wale wasio na uwanja kabisa, nasari iko ghorofani. Kwao nashauri waombe shule ya msingi ya jirani au kanisa saa moja, mara 2 kwa juma. Chukueni kamba ndefu, mfunge mafundo, kila mtoto ashike fundo lake, mtu mzima mbele, mwingine nyuma, wa tatu akisimamisha pikipiki. Njiani hesabuni milango ya bluu, someni herufi kwenye vibao vya maduka. Nimeona watoto wakisimama robo saa mbele ya siafu. Mwalimu alitaka kuwaharakisha, nikamshika mkono.

Na kuna mtoto ambaye haletwi nasari kwa sababu miguu yake haimchukui, au hasikii. Mama yake anaona aibu, au ameambiwa na watu. Vikundi vinajua nyumba hizo kunishinda mimi. Sanduku la mchanga likiinuliwa juu ya miguu ya mbao, mtoto wa kiti cha magurudumu anacheza na wenzake bega kwa bega. Seremala wa kikundi anaweza kulimaliza kwa siku moja. Ninamfahamu kijana mmoja asiyetembea ambaye aligeuka kuwa mwenye duka katika lile duka la masanduku, na wenzake walipanga foleni. Hakuna aliyepewa mkopo.

Narudi kwa kile kikundi na vibanda vyake. Sikuwaambia waache pesa. Mwalimu asiyelipwa ataondoka, na uwanja bila mwalimu ni kiwanja tu. Niliwauliza maswali yangu. Hiyo kodi, mmetoa gharama ya kujenga, leseni, na miezi ambayo mpangaji hatalipa? Mmeuliza wazazi wangapi watahamisha watoto wakikuta nasari imegeuka uchochoro wa nyuma ya vibanda? Watoto 10 wakihama, karo yao ni kodi ya vibanda vingapi? Na je, kibanda kimoja, kwenye pembe ya lango, kinachouza uji na mboga za kikundi chenyewe, kingeleta kiasi gani? Katibu alianza kuandika. Yule mzee aliyeniita binti yake alinyamaza muda mrefu, halafu akasema yeye utotoni alikuwa bingwa wa giuthi.

Hawajaamua. Wanakutana tena Jumamosi ijayo, na nimeombwa nije na kamba ya kupimia, tupime ploti hatua kwa hatua tuone kibanda kimoja kinakula kiasi gani na watoto wanabaki na nini. Na nyinyi mnaoendesha nasari, kabla hatujakutana hapa mwezi ujao, pimeni uwanja wenu hivyo hivyo. Andikeni urefu, upana, idadi ya watoto, na kilichomo: mti, choo, ua, rundo la mawe ya nani. Leteni hicho kikaratasi. Mwenyekiti amekubali tukitolee saa nzima, tena kabla ya mambo ya kuku.